Doa Kwenye Njia ya Machozi

Sehemu ya sita ya simulizi ya Abigail, mama Marta wa Ngana

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa jiko langu. Mkononi nina samaki, mbasa mzima niliyetoka kumnunua sokoni. Mbele yangu ameketi shangazi Naomi, amempakata mwanangu Marta, na kidole chake kimechovya dawa nyeusi kwenye kigae.

Kabla sijasema nilichofanya, ngoja nimsaidie anayelifungua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza.

Nimezaliwa Ngonga kwenye mpunga, nimeolewa Ngana kwenye kakao. Nilizaliwa na doa jeusi chini ya jicho la kushoto, ukubwa wake kama punje ya mahindi. Kwetu hakuna aliyelijali. Siku naingia kwa mume wangu Wilson nikiwa bibi harusi, shangazi yake Naomi alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga, akasoma. Mama huyu husoma nyuso za watu wazima, za watoto wachanga, hata za ng'ombe wa mahari. Akatangaza kwamba doa langu limekaa kwenye njia ya machozi, na nyumba nitakayoingia italia.

Tangu siku hiyo kila baya likawa la kwangu. Wilson akaanguka na pikipiki, doa. Mvua ikazidi, mto ukaingia shambani, doa. Mwaka uliofuata mvua ikagoma, doa hilohilo. Kakao ikaoza mitini kwa wakulima wa kata nzima, na aliyetazamwa usoni ni mimi peke yangu.

Nikauza mpunga wangu, nikapanda gari mpaka Mbeya, nikalala kwenye kitanda cha upasuaji. Daktari Jovitus alilibonyeza doa kwa kidole.

"Hili halina ugonjwa, mama. Kwa nini unataka litoke?"

"Kwa sababu ni langu, daktari, na nimechoka kusikia watu wakilisoma kwa sauti."

Akacheka, akanichoma ganzi.

Msomaji mmoja wa Tukuyu amenitumia ujumbe kwamba nimeikosoa kazi ya Mungu. Dada, nakusalimu. Mungu huyohuyo ndiye aliyempa daktari mikono. Mwingine ameandika kwamba mwanamke mwenye akili hakatwi uso kwa maneno ya shangazi. Wewe nawe njoo ukae na shangazi huyu msimu mmoja wa mvua, halafu uniandikie tena. Nililitoa, limebaki kovu jembamba, na sijutii hata kidogo.

Ila nilijidanganya kwamba yameisha.

Mwanangu Marta naye ana doa. Jicho lilelile, upande uleule. Alizaliwa nalo likiwa hafifu, na kadiri anavyokua linakolea. Langu lilipokuwepo, hakuna aliyehangaika na la kwake. Nyuzi zangu zilipotolewa tu, shangazi Naomi akalitolea macho.

"Limehama," alisema. "Limefukuzwa kwa mama, limekwenda kukaa kwa mtoto."

Haya, turudi jikoni.

"Shangazi, mweke mwanangu chini."

"Karibu, mama Marta. Ugonile?"

"Mweke chini kwanza. Salamu baadaye."

"Ni kadawa kadogo tu. Kanachoma, kanakauka, doa linabanduka lenyewe. Nimekachemsha mimi mwenyewe tangu asubuhi."

"Karibu na jicho?"

"Nina mkono mwepesi mimi. Mshike miguu tu asirukeruke."

Kidole kikaanza kusogea. Marta alikuwa ametulia, anadhani anapakwa mafuta.

Nilimpiga shangazi Naomi mkononi kwa yule samaki.

Kigae kikaruka, dawa ikamwagika kwenye jani la mgomba nililokuwa nimeliandaa la kufunikia chungu. Jani likasinyaa na kuwa jeusi huku sote watatu tukilitazama. Nilimnyakua mtoto, nikamwegemeza begani.

"Umenipiga kwa samaki!" shangazi akasema. Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Ningekuwa nimeshika mchi, ningekupiga kwa mchi."

Akasimama, akajifunga khanga upya, taratibu. Shangazi Naomi hapigi kelele. Akikasirika sauti yake hushuka.

"Wewe ulikwenda Mbeya ukakatwa kwa kisu. Ukarudi na bandeji unatembea barabarani kama umetoka kupewa cheo. Lako lilikuwa halali. La mtoto limekuwa haramu?"

Swali hilo lilinipata, sitawaficha. Ni kweli nilikuwa nimewafundisha kwamba doa ni kitu cha kutolewa.

"Mimi niliamua juu ya uso wangu," nikasema. "Nilikwenda kwa miguu yangu, nikaulizwa, nikajibu. Marta akikua akitaka kulitoa, nitampeleka mwenyewe. Akitaka kuzeeka nalo, azeeke nalo. Lakini hataamuliwa na wewe, tena kwa kigae."

"Si mimi ninayeamua. Kaka yangu Asajile ameuona uso wako, akasema una nuksi. Wewe ni nani hata ubishane na mkwe wako?"

Mzee Asajile ni baba yake Wilson. Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa, kwa hiyo mambo yote ya wanawake wa mji ule, yaani boma zima la mzee, yako mikononi mwa shangazi Naomi. Anachosema yeye kinafika kwa mzee, na anachosema mzee kinafika kwetu kikipitia kwake.

Kwa wasomaji wa mbali nieleze jambo moja. Kwetu Unyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Akija njiani, mimi naingia kwenye migomba mpaka apite. Nikiwa uani, yeye anakohoa kabla ya kukata kona ili nijifunike. Macho yakikutana ni aibu kwa wote wawili, na kwake zaidi, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Wenzangu wengi wa mjini wameshaacha. Kwa mzee Asajile hakijaachwa kitu.

Sasa rudia kusoma maneno ya shangazi hapo juu. Mimi siku ile nilikuwa na hasira, sauti ilipita masikioni bila kunigusa.

Wilson alirudi jioni.

"Shangazi yako ametaka kumchoma mwanao chini ya jicho."

"Alitaka kumsaidia, mama Marta."

"Wilson!"

"Sijasema ni sawa. Nasema ni shangazi. Kesho tukitoka kanisani kuna kikao kwa baba. Twende tukawasikilize."

"Na wakisema achomwe?"

Akainama, akaanza kufunga kamba za viatu alizokuwa ameshazifungua.

Nampenda mume wangu, na ninataka hilo lijulikane. Ni mchapakazi, hajawahi kuninyooshea mkono, na nilipotoka Mbeya ndiye aliyekuwa akinisafisha kidonda. Lakini akifika mbele ya baba yake huwa mtoto wa shule. Siku ile sikulala na hasira kwa shangazi peke yake.

Kikao kilikaliwa uani kwa mzee Asajile. Wanaume walikaa kwenye mabenchi kivulini. Mimi niliwekwa kwenye banda la jiko la mianzi lililo wazi upande mmoja, nimewapa mgongo, khanga imenifunika kichwa mpaka puani. Kati yangu na baba mkwe palikuwa na hatua chache tu.

Aliyeongoza ni mzee Anyelwisye, jirani na mzee wa kanisa. Kazi yake ilikuwa kubeba maneno. Mimi nilikuwa namsikia baba mkwe mpaka anavyopumua, na yeye ananisikia nikikohoa, lakini neno halikuhesabika kuwa limesemwa mpaka mzee Anyelwisye alirudie.

"Mkwe wako anasema karibu."

"Ndaga fijo, asante sana. Mwambie nimekaribia."

"Anasema amekaribia."

Marta hana mwiko na babu yake. Tulipofika tu aliniponyoka, akakimbilia mapajani kwa mzee.

"Juba wangu amekuja!" mzee akasema, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine kabisa.

Juba kwetu maana yake ni mama yangu. Ndivyo alivyomwita Marta tangu akiwa mchanga, nasi tulichukulia ni utani wa babu na mjukuu.

Shangazi Naomi akapewa nafasi. Mwanamke yule anajua kuongea. Aliyapanga mabaya ya miaka yote, pikipiki, mto, kakao, akayasimulia kwa upole kama anayesoma matangazo ya misiba. Akamaliza kwa samaki. Benchi zima likaguna.

"Sina ugomvi na mkamwana," akasema. "Mimi nasoma tu. Na si mimi peke yangu. Kaka yangu huyu hapa, mwenye mji, aliuona uso ule tangu mwanzo, akasema ni uso wa nuksi. Ndiyo maana tukajua. Sasa alama imeingia kwa mtoto, tuitoe mapema kabla haijaota mizizi."

Hapo ndipo neno liliponigonga. Aliuona.

"Mzee Anyelwisye," nikasema, "naomba umuulize baba swali moja. Uso wangu aliuona lini?"

Hata kuku nadhani walisikia.

Mzee Anyelwisye alikohoa. "Mama Marta, swali hilo lina miiba. Silibebi."

"Libebe, mzee. Ndiyo kazi iliyokuleta."

"Mwanangu, fikiri."

"Nimeshafikiri. Nina muda mrefu wa kufikiri humu ndani, nimepewa ukuta niutazame."

Kila mmoja alikuwa ameelewa. Mzee akisema aliuona, amekiri mbele ya wazee wenzake kwamba alimtazama mkamwana wake. Akisema hakuuona, basi nuksi yote niliyobebeshwa haina aliyeiona zaidi ya shangazi.

Mzee Anyelwisye hakulirudia swali. Haikuhitajika.

"Naomi," baba mkwe akasema. "Mimi nimeuona lini uso wa mkamwana wangu?"

"Kaka, nilikuwa nasema kwa heshima yako."

"Gwe Naomi. Nimeuona lini?"

"Mimi ndiye niliyekuwa macho yako. Nilikuambia bibi harusi ana alama mbaya. Ukasema kama ni mbaya, basi ni mbaya."

"Uliniambia alama. Hukuniambia alama gani wala iko wapi. Nilidhani ana kilema, nikaona aibu kuuliza habari za uso wa mkamwana."

Nilikaa pale nikiutazama ukuta wa mianzi, na mwili mzima ukawa wa moto. Miaka yote ile. Kila nilipokwepa macho ya watu kisimani, kila nilipojipaka poda ya ziada nikienda kwenye harusi, nilikuwa naamini mwenye mji mwenyewe analijua doa langu, akanikataa. Kumbe mzee wa watu alikuwa hajui hata nina doa.

"Haya, alama gani?" mzee akauliza.

Wilson ndiye aliyejibu, na ndiyo ilikuwa sauti yake ya kwanza siku ile.

"Doa, baba. Jeusi. Chini ya jicho la kushoto. Kama hilo la Marta."

Benchi likalia, mzee akigeuka. Nikamsikia Marta akicheka, anavyocheka akiguswa shavu.

"Hili?" mzee akasema. "Hili hapa?"

"Ndiyo, baba."

"Hili si la mama yangu?"

Akaendelea kabla mtu hajafungua mdomo.

"Mnadhani namwita Juba kwa mchezo? Alipozaliwa nililetewa nimwangalie, nikamwona mama yangu amerudi. Jicho hilihili. Mama yangu alipokuwa hai mto haukuwahi kugusa bonde letu. Tulivuna mpaka tukagawa kwa watu. Alipozikwa, mto ukaja ukachukua bonde lote. Hili ni doa la baraka, na ninyi mnalichemshia dawa!"

"Lilikuwa la baraka kwako," shangazi Naomi akasema.

Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka nikalazimika kutega sikio. Hapa mjue kwamba hawa ni ndugu wa baba mmoja. Mama zao ni wawili. Mama yake Asajile alikuwa mke mkubwa. Mama yake Naomi aliolewa baadaye, akaingia mji uleule.

"Mama yako alivuna, kaka. Mama yangu alipewa kipande cha mchanga kule mwisho, na ng'ombe akifa anahesabiwa kuwa ni wa kwake. Nimekua namwona mama yangu akilia jikoni. Aliyekuwa akimliza alikuwa anasimama mlangoni na doa hilo chini ya jicho. Usiniambie mimi ni doa la nini. Hakuna anayelisoma vizuri kuliko mimi."

Nilimwonea huruma. Ndiyo, nilimwonea huruma yule mama, kwa sababu hatimaye nilisikia kwamba hakuwahi kuusoma uso wangu hata siku moja. Kila aliponishika kidevu alikuwa anamwona mtu mwingine. Kisha nikakumbuka jani la mgomba lilivyosinyaa, huruma ikaniishia.

"Mzee Anyelwisye," baba mkwe akasema, "muulize mkamwana wangu. La kwake liko wapi sasa?"

"Mkwe wako anauliza, doa lako liko wapi?"

"Limebaki Mbeya, mzee. Kwenye ndoo ya hospitali."

Mzee Anyelwisye akashusha sauti.

"Nilibebe hilo nalo?"

"Libebe."

"Anasema... liko kwenye ndoo."

Baba mkwe akatoa sauti ambayo sijawahi kumsikia mwanaume mzima akiitoa. Si kilio, si mguno.

"Mmemtupa mama yangu kwenye ndoo."

"Baba," nikasema, nikasahau kupitia kwa mtu, "ningeambiwa ni la mama yako, labda ningelikumbatia. Nilichoambiwa ni kwamba nitaizika nyumba nzima."

"Mkamwana anasema..." mzee Anyelwisye akaanza.

"Nimemsikia!"

Akapumua.

"Sikilizeni wote," akasema. "Mtoto huyu asiguswe. Naomi, chukua vigae vyako ukavitupe mtoni. Atakayetia dawa kwenye uso huu, amenitia mimi. Nimemaliza."

Wanawake waliokuwa nje ya ua wakapiga vigelegele. Mimi nililia ndani ya khanga yangu. Nililia kwa furaha, nikamshukuru Mungu na mzee Asajile kwa pamoja, na kama kikao kingeishia hapo ningewaandikia leo kwamba nina baba mkwe bora kuliko wote kuanzia Kasumulu mpaka Matema.

Kumbe alikuwa anavuta pumzi tu.

"Na asitoke tena kwenye mji huu," akasema. "Juba atakaa hapa kwangu. Mama yake ameshatuonyesha anachokifanya akipewa baraka. Leo amelitupa la kwake, kesho atampeleka mtoto Mbeya alitupe na hili. Wilson, nguo za mtoto zije leo."

Nilisubiri kumsikia Wilson.

"Wilson, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Basi."

Basi! Nimempigania mwanangu asichomwe uso kwa kuwa uso wake ni mbaya. Nimeshinda, na sasa nanyang'anywa mtoto mzima kwa kuwa uso wake ni mzuri. Hakuna aliyeuliza Marta analala na nani akiota ndoto mbaya. Walikuwa wanagombania doa, na mwanangu alikuwa ni mahali doa lilipokaa tu.

"Mzee Anyelwisye," nikasema, "mwambie baba naomba mwanangu."

"Anaomba mtoto."

"Mwambie mtoto yuko kwao."

"Anasema yuko kwao."

"Mwambie naomba mara ya pili."

"Mama Marta," mzee Anyelwisye akasema kwa huruma, "rudi nyumbani. Mambo haya yatazungumzwa. Mtoto yuko mapajani kwa babu yake, na wewe hapo huwezi kufika. Mwiko unaujua."

Walikuwa wamejipanga vizuri bila hata kujipanga. Mtoto yuko mapajani kwa mwanaume mmoja tu duniani ambaye mimi siruhusiwi kumsogelea wala kumtazama.

Nilisimama. Nikaivuta khanga kutoka kichwani, nikaifunga kiunoni. Nikageuka.

Mara ya kwanza tangu niolewe nilimwona baba mkwe wangu. Ni mzee mdogo wa umbo, masikio yake ni ya Wilson. Nilitembea moja kwa moja kuvuka ua. Mtu akamwita Mungu kwa kelele, "Ee Kyala!" Mzee Anyelwisye akajifunika macho kwa mikono, ingawa yeye hana mwiko wowote na mimi. Benchi moja likaanguka na waliolikalia.

"Shikamoo, baba," nikasema. "Mimi ni Abigail. Uso mliousema miaka yote ndio huu. Utazame."

Mzee Asajile alifanya anachotakiwa kufanya mwanaume yeyote wa heshima akikutana uso kwa uso na mkamwana wake. Alijifunika. Alishika kofia yake, akaikandamiza usoni kwa mikono yote miwili.

Mikono yote miwili. Marta akabaki mapajani bila kushikwa na mtu.

Nilimchukua.

"Mwondoeni!" mzee akapiga kelele ndani ya kofia.

"Najiondoa mwenyewe, baba. Ubaki salama."

Shangazi Naomi alikuwa amesimama njiani. Nilidhani atanizuia. Alinitazama usoni, pale penye kovu, kisha akasogea pembeni nikapita. Mpaka leo sijui kwa nini.

Nikatoka nje ya ua, nikashika barabara inayoelekea kwetu Ngonga, Marta begani, jua kichwani. Nyuma yangu mzee Anyelwisye alikuwa akiita kwamba nimemtazama mkwe, kwamba lazima itafutwe namna ya kuifuta aibu, kwamba ndoa imeingia ufa. Sikugeuka. Niliwahi kufikiri kwamba siku nikiuvunja mwiko ule nitaona haya mpaka nife. Niliona haya, ni kweli, masikio yalikuwa yanawaka. Lakini nilikuwa na mwanangu, na hatua zangu zilikuwa za mtu anayejua anakokwenda.

Nilikuwa nimefika kwenye kakao za mwisho niliposikia pikipiki.

Wilson alinipita, akasimama mbele yangu, akabaki ameikalia ikiunguruma. Alikuwa anahema utadhani yeye ndiye aliyekuwa anakimbia. Shati limefunguka vifungo.

"Umemfanyia nini baba?" akasema.

"Nimemsalimia."

"Abigail."

Huwa haniiti Abigail. Huniita mama Marta, au akiwa na furaha, Abi.

"Wilson, baba yako amekuuliza kama umesikia, ukasema umesikia. Sasa nakuuliza mimi. Umesikia nini?"

Akatazama chini kwenye tangi la mafuta. Akatazama barabara tuliyotoka, kisha ile ninayoiendea.

"Panda," akasema.

"Tunakwenda wapi?"

"Panda kwanza. Jua kali, mtoto anaungua."

"Tunakwenda wapi, Wilson?"

"Nipe Marta nimweke hapa mbele, halafu wewe upande."

Ndivyo tunavyopanda siku zote. Mtoto kwanza, anakaa kwenye tangi kati ya mikono ya baba yake, kisha mimi nyuma na mizigo. Tumefanya hivyo kwenda kanisani, kwenda kliniki, kwenda kwa mama yangu. Sijawahi kufikiri mara mbili.

Akanyoosha mikono. Marta, ambaye hajui habari za baraka wala za nuksi, naye akamnyooshea baba yake mikono, akicheka, akaanza kuniteleza begani.

Nilimtazama mume wangu machoni. Nilitafuta kama nitaona Ngonga au nitaona ua wa baba yake. Shangazi Naomi labda angeweza kuusoma uso ule. Mimi sikuweza.

"Zima pikipiki kwanza," nikamwambia, "ndipo nikupe mtoto."

Hakuizima.